Elektroni Zilizopotezwa Berlin

Mliofuatilia picha za diodi ya silikoni zilizopigwa kwa holografia ya elektroni katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, mwaka 2019, mliona uga wa umeme ukipanda na kushuka, kila picha ikishika nanosekunde 25. Ulinganishaji wa ishara ulikuwa safi. Lakini lango lenyewe, yaani njia ya kuchagua muda wa kila picha, lilijengwa vibaya tangu 2017.

Watafiti hawakuzima mwale wa elektroni. Waliuacha uwake muda wote, wakavuruga mistari ya mwingiliano kwa volti za kelele, kisha wakaiacha itulie ndani ya dirisha fupi la muda tu. Elektroni za nje ya dirisha zilikwenda wapi? Zilipita kwenye sampuli vilevile, zikaipiga, zikaangukia kamera na kuijaza weupe usio na habari. Pigeni hesabu. Dirisha likiwa asilimia 1 ya mzunguko, ukolevu wa mistari hushuka hadi asilimia 1, na kelele ya elektroni zote ipo palepale. Mwale ungezimwa nje ya dirisha, kwa muda uleule wa kupiga picha kosa la fazi ya wimbi la elektroni lingekuwa moja ya kumi ya lililopo sasa, na sampuli ingepokea elektroni moja kwa kila 100 inazopokea sasa. Nimelalamikia jambo hili kila mara: ukolevu wa mistari ndio mtaji wa holografia, na mtaji hauchomwi ili kupata urahisi.

Watetezi husema kukatakata mwale huutikisa na kuharibu mshikamano wa mawimbi, tena njia ya kelele hutumia hadubini iliyopo bila leza. Sawa, ni nafuu. Lakini watafiti wa Toulouse wamewasha chanzo baridi cha elektroni kwa leza, wakapata hologramu za mapigo ya elektroni.

Kwamba pigo moja huwa na elektroni chache mno ni hoja iliyokufa zamani. Akira Tonomura wa Hitachi aliionyesha dunia mwaka 1989 elektroni zikifika moja moja na mistari ikijijenga. Mwaka 1986, alipotaka uga wa sumaku usiguse wimbi la elektroni hata kidogo, aliifunika pete yake ya sumaku kwa niobiamu na kuipoza hadi ikawa kipitishi kikuu. Aliziba uvujaji kwenye chanzo. Hakuuacha uvuje ili autoe baadaye kwa wastani.

Diodi ilivumilia, kwa kuwa fazi yake ni kubwa. Utando mwembamba wa sumaku, wenye fazi ya sehemu ndogo tu ya radiani, hautasomeka chini ya kelele iliyozidishwa mara kumi.