Vitabu vya Sheria na Nyumba ya Mjane

Watu wengi wadhani kwamba kitabu cha sheria ni kazi ya waamuzi na mawakili, wala hakimhusu mtu wa kawaida mwenye bibi na watoto. Lakini katika kartie yetu ya Bel-Air, kama katika kartie nyingine za Komini ya Kampemba, mara nyingi kilio hakijaisha bado, na tayari watu wa ukoo waanza kuuliza: nyumba hii ni ya nani? Siku hiyo sheria imekwisha kuingia mlangoni, tupende tusipende. Kwa hiyo twataka kuwaeleza habari za vitabu kadhaa, vya kale na vya sasa, vilivyoandikwa juu ya sheria, jamaa na ukoo katika nchi yetu. Tutavisifu panapostahili, tutataja na upungufu wake, na vyote tutaviuliza swali moja: chamtazamaje mjane?

Tuanze na vya kale. Mji wetu, ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, ulikuwa mahali pa kuandika mila. Tangu mwaka wa 1933 lilitolewa hapa jarida la mabaraza ya wenyeji na sheria za mila za Kongo, nalo lilikusanya hukumu za mabaraza hayo. Antoine Sohier, mwanasheria Mbelgiji aliyefanya kazi ya haki mjini hapa, alitoa mwaka wa 1943 kitabu juu ya ndoa katika mila za Kongo, na mwaka wa 1949 kingine juu ya mila kwa jumla. Sifa yao ni kubwa: walizihesabu mila zetu kuwa sheria za kweli, zenye mpango na sababu, wakati wageni wengi walipoziona kuwa mambo ya ushenzi tu. Lakini viliandikwa kwa Kifaransa, ili viwasaidie waamuzi na watawala. Tena waliosikilizwa zaidi barazani walikuwa wakubwa na wazee waume. Sauti ya mwanamke yasikika humo kwa mbali, kama mtu anayesema nyuma ya ukuta.

Mwaka wa 1945 kilitoka mjini hapa kitabu kingine, chenye sifa kupita hivyo: kile cha Padri Placide Tempels, Mfransisko, juu ya filosofia ya Wabantu. Si kitabu cha sheria, lakini chaeleza msingi wake: kwamba mtu hawi mtu peke yake, na uzima wake umefungamana na uzima wa wenzake. Baadaye, katika miaka ya 1950, Padri huyo alianza Jamaa kati ya wafanyakazi wa migodi upande wa Kolwezi, akiwafundisha bwana na bibi kuungana kwa moyo na kufunuliana mawazo yao. Hilo twalisifu bila kusita. Upungufu wa kitabu ni kusema Wabantu kana kwamba wote ni nyumba moja. Kwa Balamba na Babemba urithi wapita upande wa mama, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Kwa Baluba wa Katanga wapita upande wa baba. Mtu akifa mjini na bibi yake ni wa kabila lingine, tofauti hiyo ndiyo inayowasha ugomvi.

Kati ya vitabu vipya, twakitaja kwa furaha kile cha mwalimu Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichotoka mwaka wa 2001, juu ya watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Kinafuata historia ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga tangu mwaka wa 1910 hata 1997. Chaonyesha jinsi Union Minière ilivyowaleta wanawake kambini ili wanaume wakae kazini, na jinsi mshahara na posho vilivyokuwa nguzo ya ukubwa wa baba nyumbani. Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990, mshahara ukakosekana, akina mama wakalisha nyumba kwa biashara ndogo na mashamba. Basi twauliza: mama aliyelisha nyumba miaka mingi, siku ya kilio ataitwaje mgeni katika nyumba hiyo? Kitabu hiki hakihubiri wala hakilaumu mtu, lakini chamwacha msomaji na swali hilo kifuani.

Sasa tufike kwenye sheria yenyewe. Kitabu cha Sheria za Jamaa kilitolewa tarehe 1 Agosti 1987, kikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Zamani bibi aliolewa akawa kama mtoto mbele ya sheria, kwa kuwa alihitaji ruhusa ya bwana ili kufanya mapatano. Tangu 2016 wote wawili hupatana. Juu ya urithi, robo tatu za mali ya marehemu ni za watoto, kwa mafungu sawasawa. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu wa marehemu. Tena mjane ana haki ya kukaa katika nyumba waliyokaa na bwana wake, na kutumia vyombo vyake.

Twaona neno la kulaumu: bibi wa miaka thelathini amewekwa safu moja na ndugu za bwana. Lakini kosa kubwa ni lingine. Sheria hii imeandikwa kwa Kifaransa cha wanasheria, na wanaokuja kumfukuza mjane hufika kabla yeye hajaijua. Tena ndoa nyingi za mila, hata zilizobarikiwa kanisani, hazijaandikwa komini. Ndoa isiyoandikwa ni shida kuitetea siku ya ugomvi.

Watasema wengine: sheria hii yavunja mila ya mababu. Hapo vitabu vya kale vyatusaidia. Katika mila, aliyerithi mali ya marehemu alirithi na mzigo: kumlinda mjane na kuwalea watoto. Leo tunawaona wanaokumbuka nusu ya mila, wakachukua kitanda na mabati, wakauacha mzigo mlangoni. Hao hawatetei mila. Ni wanyang'anyi waliovaa nguo ya mababu.

Kanisa nalo limeendelea katika maneno yake. Kitabu cha sheria za Kanisa cha 1917 kilitaja kwanza uzazi, kisha msaada wa bwana na bibi. Kile cha 1983, kikifuata Mtaguso wa Vatikano wa Pili, chaiita ndoa agano na ushirika wa maisha yote. Mwaka wa 2016, mwaka ule ule wa sheria mpya ya nchi, marehemu Papa Fransisko alitoa waraka wa Amoris laetitia juu ya upendo katika jamaa. Kama ndoa ni ushirika wa maisha yote, kifo cha mmoja hakimgeuzi mwenzake kuwa mpangaji.

Basi ushauri wetu ni huu. Kila parokia itafute Kitabu cha Sheria za Jamaa, na mmoja anayejua Kifaransa ayasome katika jumuiya ndogo maneno ya ndoa na urithi, akiyaeleza kwa Kiswahili. Wenye ndoa waende komini wakaandikishe. Mtume Yakobo afundisha kwamba dini safi ni kuwaangalia yatima na wajane katika shida yao. Kuwaangalia kwaanza kabla ya kilio, wakati bwana yungali hai na anaweza kutia sahihi.