Karatasi Anazopewa Mama Mgonjwa

Kwa muda wa miaka miwili nimekusanya vipeperushi vya Kiswahili vinavyohusu saratani za viungo vya uzazi vya mwanamke. Ninazo karatasi kumi na moja. Nyingine nilipewa zahanati, nyingine niliziona mezani kwenye mapokezi ya hospitali nikaomba nichukue, na mbili nililetewa kutoka Kenya. Nimezisoma kama nilivyokuwa nikisoma insha za wanachuo wangu, kalamu mkononi, nikiuliza kwanza ni nani anayesema na anasema na nani. Msomaji atashangaa mzee wa kiume anatafuta nini huko. Sababu nitaieleza, ila nitangulize hukumu yangu: karatasi kumi kati ya hizo zimeandikwa kwa ajili ya mwanamke ambaye bado hajaugua. Ya kumi na moja ndiyo pekee inayomwelekea mgonjwa, nayo ndiyo mbaya kuliko zote.

Kwa kazi ya kukinga, hizo kumi zinafaa. Zinaeleza kwamba saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi viitwavyo HPV. Kwamba ipo chanjo, ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana nchi nzima mwaka 2018. Kwamba uchunguzi ni kupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, kungoja kama dakika moja na kutazama kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Ni kazi ya dakika chache. Kwa nchi ambayo makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliihesabia wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hiyo kwa mwaka mmoja, na vifo zaidi ya 6,000, maneno hayo yanastahili kubandikwa hata kwenye milango ya masoko.

Lakini tazama yanavyopangwa. Karatasi saba kati ya kumi, zinapofika kwenye visababishi, zinaweka namba moja "kuwa na wapenzi wengi". Aliyeandika hakudanganya, maana hatari huongezeka hivyo. Ila amesahau atakayeisoma. HPV ni virusi vya kawaida mno. Watu wengi waliowahi kujamiiana huvipata wakati fulani, na aghalabu mwili huviondoa wenyewe. Vikikaa, huchukua miaka, mara nyingi zaidi ya kumi, hata kufikia saratani. Mama aliyemjua mwanamume mmoja tu maisha yake yote anaweza kuugua. Haya hayamo katika zile karatasi saba. Sasa mama huyo anairudisha karatasi nyumbani, mumewe anaisoma, na namba moja inamkodolea macho. Ndoa inaingia msukosuko kwa sababu ya mpangilio wa orodha! Mwanachuo wangu angeniandikia hivyo ningemwambia arudie.

Nije kwenye sababu yangu. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye naye ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Ruvuma, alikuja kwangu na mumewe baada ya kupimwa. Waliniamkia, wakaketi, kisha mume akatoa karatasi ya hospitali, sitaitaja ni ipi, akanipa kwa uso wa matumaini. Ilikuwa imeandikwa: hatua ya 3B. "Mwalimu," alisema, "angalau tumefika hatua ya tatu." Kwa akili yake, mkewe alikuwa amekwisha kupanda ngazi tatu za kuelekea kupona. Na kwa nini asielewe hivyo? Tangu utoto wake hatua kwa Kiswahili ni jambo la kwenda mbele. Tunachukua hatua, tunapiga hatua, mtoto anaanza hatua. Karatasi haikusema hatua ziko ngapi (ziko nne), wala kwamba hapa ni ugonjwa unaotembea, si mgonjwa. Binti mwenyewe alikuwa kimya. Nadhani yeye alikwisha kuelewa.

Nimejaribu kutafuta neno jingine. Daraja halifai, hasa kwa walimu, kwa kuwa mtihanini daraja la tatu ni kufaulu. Mwishowe nimeona si suala la neno moja. Ni suala la kukubali kuandika sentensi nzima. "Ugonjwa umetoka kwenye mlango wa kizazi, umefika kwenye ukuta wa nyonga, lakini haujaenda mbali kama kwenye mapafu. Mara nyingi katika hali hii madaktari bado hutibu kwa nia ya kuponya." Maneno hayo yanatoshea kwenye mistari mitatu. Yana habari mbaya na yana habari njema, na kila moja imekaa mahali pake.

Majina nayo yana mambo. Saratani na kansa ni mnyama mmoja: la kwanza limetoka Uarabuni, la pili Ulaya, na kote huko asili yake ni kaa wa baharini. Hilo halina madhara. Lakini karatasi moja inasema shingo ya kizazi, ya pili mlango wa kizazi, ya tatu shingo ya mfuko wa uzazi, na mgonjwa mwenye karatasi zote tatu anaweza kudhani ana magonjwa matatu. Wazee wetu walikuwa na mji wa mimba, jina zuri kuliko yote, nalo silioni popote. Tiba ya kutuliza maumivu na kumhudumia mgonjwa asiyeweza kupona wameiita tiba shufaa. Kwa tuliokulia Pwani, shufaa ni uombezi, na anayengojewa kuombewa tunamjua. Iko karatasi iliyoliandika neno hilo mara nne bila kulifafanua.

Nikiwa kijana nimeanza kazi, mwaka 1973, niliongoza kikundi cha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walishiriki nchi nzima. Tulisikiliza redio, kisha mmoja wetu akasoma kijitabu kwa sauti, kisha tukajadili: tumesikia nini, hapa kwetu hali ikoje, tufanye nini kabla ya wiki ijayo. Vijitabu vile vya malaria, kichocho na safura viliandikwa visomwe kwa sauti mbele ya watu ambao wengine hawakujua kusoma. Kila sentensi ilikwisha kabla ya pumzi kukwisha. Kwa hiyo nimefanya jaribio dogo: nimezisoma kwa sauti karatasi zangu kumi na moja, mbele ya mke wangu. Nane zilinikata pumzi. Moja alinisimamisha katikati akauliza, "Anamwambia nani huyo?"

Na hapa sina budi kusema jambo lisilopendeza. Tangazo lililoandikwa vizuri kuliko yote niliyoyaona ni la muuza dawa za miti shamba, limebandikwa kwenye nguzo ya umeme. Linaanza na "Mama", linataja dalili kwa majina yake ya mtaani, linaeleza duka liko wapi, bei ni kiasi gani, na namba ya simu. Ahadi yake ni uongo mtupu, na mama atakayepoteza miezi sita huko atarudi ugonjwa ukiwa umekwisha kuvuka. Lakini muuzaji amejibu maswali. Karatasi zangu zinasema tu "wahi hospitali". Hospitali ipi? Tiba ya mionzi kwa miaka mingi ilipatikana Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake. Baadaye Bugando, Mwanza, nayo ikaanza. Mtu wa Songea anatakiwa ajue hilo kabla ya kukata tiketi ya basi.

Nikamwomba muuguzi mstaafu, jirani yangu, akae na binti yule amweleze yasiyoandikwa. Walikaa saa tatu, binti akiandika kwenye daftari la shule, swali juu, jibu chini. Nimeruhusiwa kulisoma. Mionzi ya nje hutolewa siku tano kwa wiki kwa muda wa kama wiki tano. Kwa hiyo utalala wapi ni swali la tiba, si la anasa. Mgonjwa wa mionzi hiyo haambukizi mtu wala hatoi mionzi. Anaweza kumpakata mtoto wake jioni ileile. Kuhara na uchovu vinatarajiwa. Hedhi hukoma. Uke unaweza kukaza na kukauka. Yapo mafuta ya kulainisha na vifaa vya kuuzoeza, na tendo la ndoa linaweza kurudi baada ya daktari kuruhusu. Katika karatasi zangu zote kumi na moja, jambo hili la mwisho halina hata mstari mmoja. Aibu inaeleweka, lakini watu hawa ni mume na mke, na kimya cha karatasi kinamwachia mume abuni jibu lake mwenyewe.

Binti alikwenda Dar es Salaam na daftari lile. Kule, jioni, akina mama walikuwa wakikaa benchi moja nje ya nyumba waliyofikia, wakipeana habari, na nyingi zilikuwa za kweli: muuguzi yupi ana subira, uji gani hautapishwi. Nyingine zilikuwa za hatari, kama ile kwamba kukatwa kinyama cha kupimwa ndiko kunakoutawanya ugonjwa. Daftari likaanza kusomwa kwa sauti. Likaazimwa, likanakiliwa, wengine wakaongeza maswali yao na kumpelekea daktari asubuhi.

Amemaliza mionzi na sasa yuko kwenye kliniki za marejeo. Aliponirudishia daftari nilikuta kurasa tisa ambazo si za mwandiko wake. Mama mmoja ameandika kwamba yeye ugonjwa wake uko kwenye ovari. Alipimwa kwa siki akaambiwa yu salama, wala hakuna aliyemwambia kwamba kipimo kile hakitazami ovari. Tumbo lilipoanza kujaa, na kushiba vijiko viwili tu, alitibiwa vidonda vya tumbo. Anauliza kama iko karatasi yoyote ya Kiswahili kuhusu ugonjwa wake. Nimepekua tena zangu zote, na ovari imetajwa mara moja tu, kwenye mchoro, na mshale unaoielekea umekosewa ukaangukia kibofu.