Unyenyekevu wa Karama katika Kusadikika

Wasomaji wengi wa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1951, hukisoma kwa jicho la siasa: nchi ile iliyo angani ni nchi iliyotawaliwa, na wakubwa wake ni watawala wa wakati ule. Siwakatalii. Walakini usomaji huo hupita upesi mno mbele ya mtu aliye nguzo ya hadithi, yaani Karama.

Karama ashitakiwa kwa kufundisha watu elimu ya sheria. Mshitaki wake ni waziri, na mwandishi amemwita Majivuno. Majina ya Shaaban Robert mara nyingine huwa wazi kupita kiasi. Msomaji huijua hukumu kabla mtu hajafumbua kinywa. Lakini jina hili lina kazi. Ikiwa mshitaki ni majivuno, mshitakiwa hawezi kumshinda kwa majivuno mengine.

Na tuutazame utetezi wenyewe. Mtu mwenye akili aliyeonewa mbele ya hadhara angetaja elimu yake na wema wake. Karama asimulia habari za wajumbe sita waliopelekwa mashariki, kaskazini, kusini, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarejea na maarifa ya kuifaa nchi, wakatiwa gerezani. Nafsi yake aiweka nyuma yao. Kwa kadiri nionavyo, hapo akili na unyenyekevu ni kitu kimoja. Laiti angalijisifu, wangalimbishia. Lakini awakumbusha matendo yao wenyewe, na atakaye kumpinga hana budi kwanza kuikana kumbukumbu yake.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja aliandika katika insha kwamba Karama ni mwoga abembelezaye wakubwa. Nilimpa alama ndogo, nikakosea. Hata leo sidhani kwamba Karama ni mwoga, ila swali la kijana yule lilistahili heshima zaidi. Alikuwa ameuona unyenyekevu wa kila siku: karani mbele ya mkubwa wake, mpangaji mbele ya mwenye nyumba, mkulima avuaye kofia mlangoni mwa ofisi. Alijua kwamba wengi wao huinama kwa kukosa njia nyingine. Basi Karama atofautianaje nao? Yeye aliyeinamishwa na hofu huficha alijualo. Karama asema yote, mjumbe baada ya mjumbe, gereza baada ya gereza, wala hapunguzi hata kosa moja ili apendeze. Adabu yake imo katika namna ya kusema. Haimo katika kiasi cha ukweli asemao.

Palipo dhaifu ni mwisho. Karama ashinda, na wafungwa wafunguliwa. Jina la nchi latokana na kusadiki, nasi twatakiwa tusadiki kwamba wakubwa waliofunga watu sita bila ya haya wamegeuka kwa kusikia tu. Hadithi haikututayarisha kwa hilo. Imani hiyo ni ya mwandishi kuliko ya Karama, ambaye alipoanza kusema hakuujua mwisho huo. Alichokuwa nacho mbele yake ni mifano sita ya watu waliosema kweli wakafungwa, naye akasema. Imani ya namna hiyo naisadiki. Ule mwisho nausoma na wanafunzi kila mwaka, na kila mwaka twabishana.