Edipode, Kinjeketile na Neno la Mwisho

Mwanafunzi akiulizwa dhamira ya Mfalme Edipode, jibu huwa tayari ulimini: binadamu hawezi kuikimbia ajali yake. Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini halitoshi, kwani linaufunga mjadala pale hasa tamthilia inapoanza.

Tuutazame mchezo huo wa Sophocles, uliofasiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi. Unapoanza, kudra imekwisha kutimiza kazi yake: Edipode amemwua babaye na kumwoa mamaye, naye hana habari. Ni kweli kwamba Apollo aliagiza mwuaji wa Laius atafutwe ili tauni iondoke. Lakini Tiresias alikataa kunena, Jocasta alimsihi mumewe aache kuuliza, na mchungaji mzee alitishwa ndipo akasema. Aliyeshikilia kuuliza hadi mwisho ni Edipode. Matendo alipangiwa, ukweli aliutafuta mwenyewe.

Katika Kinjeketile (1969), Ebrahim Hussein anatupeleka kusini mwa Tanganyika, katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani. Hapa utabiri unatoka kinywani mwa shujaa mwenyewe, aliyepagawa na Hongo. Baadaye anaingiwa na shaka juu ya maji, anataka watu wangoje na kujiandaa, lakini hawamsikilizi tena. Neno limemshinda nguvu aliyelitamka. Basi ajali katika tamthilia hii ni neno lililokwisha kuaminiwa na umma. Nayo maji yakimwagika hayazoleki.

Mwishoni Kinjeketile yu kifungoni, akitakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Shaka anayo, hata hivyo anakataa. Anatambua kwamba kauli hiyo, ikitolewa kwa matakwa ya adui, itawafundisha wajukuu kuwa waliopigana walikosea kuutaka uhuru.

Hapo ndipo mashujaa hawa wawili wanapoachana njia. Edipode anautumia uhuru wake kuudai ukweli ingawa utamwangamiza. Kinjeketile anautumia kuuzuia usigeuzwe silaha ya mtawala. Lakini uamuzi wa Kinjeketile una gharama. Watu walikufa wakilitegemea neno lake. Kukataa kwake kunawapa marehemu heshima, ila hakumwondolei lawama, wala mwandishi hamsafishi. Mhakiki anayemfanya Kinjeketile kuwa shujaa asiye na doa anaipunguza tamthilia, sawa na yule anayemwona kuwa mlaghai tu.

Ndugu mwalimu, swali la kama shujaa angeweza kuikwepa ajali yake huzaa majibu ya ndiyo na siyo, na darasa likanyamaza. Tuwaulize wanafunzi jambo jingine: alipokuwa hana tena pa kukimbilia, alichagua kusema nini, na kwa faida ya nani? Wakilijibu kwa ushahidi kutoka katika tamthilia zote mbili, watakuwa wameanza kuhakiki.