Weupe wa Mkate: Shabu, Tanuri na Matabaka katika Uingereza ya Malkia Victoria

Katika Uingereza ya Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901, tajiri wa London na kibarua wake wote walikula mkate wa ngano, na wote waliutaka uwe mweupe, kwa hiyo tofauti ya matabaka haikuonekana kwa kutazama mkate tu. Ilijificha katika namna weupe huo ulivyopatikana, na katika kile kilichoandamana na mkate ulipofika mezani.

Weupe wa halali uligharimu fedha nyingi kwa sababu ya kinu. Kabla ya miaka ya 1870 sehemu kubwa ya ngano ilisagwa kati ya mawe mawili, na jiwe huponda vyote pamoja: wanga, pumba, yaani ganda la nje la punje, na kiini, ile sehemu yenye mafuta ambamo mmea huchipukia. Ili unga uwe mweupe ulichekechwa kwa kitambaa chembamba mara kadhaa, na kila mara sehemu ya ngano iliyokwisha kulipiwa ilibaki juu ya kitambaa, jambo ambalo msomaji anayeijua dona na sembe hana haja ya kuelezwa zaidi.

Mwokaji wa mitaa ya vibarua hakuumudu unga huo. Utaratibu wa kale ambao kwao bei ya mkate ilipangwa na mamlaka ulikuwa umekwisha kufutwa, ushindani ukawa mkali, na waokaji wakagawanyika katika makundi mawili: waliouza kwa bei kamili, na waliouza chini ya bei hiyo wakitafuta faida yao ndani ya kinyunga. Hawa wa pili walinunua unga wa daraja la chini, pengine wa ngano iliyolowa shambani wakati wa mavuno, kisha wakautia shabu, ile chumvi ya madini ambayo vinyozi huipitisha shavuni baada ya kunyoa. Shabu huikaza gluteni, yaani protini inayoshikilia kinyunga kisisambae. Kwa hiyo unga dhaifu ulisimama ukaumuka kama unga mzuri, na rangi yake ya kijivu ikafifia. Mara nyingi iliuzwa ikiwa imeshachanganywa na chumvi ya kawaida, jambo lililomwezesha mwokaji kuapa, bila ya kusema uongo mtupu, kwamba alichotia ni chumvi.

Mnunuzi naye hakuwa na nafasi ya kuchagua, kwa kuwa familia iliyolipwa mshahara mwisho wa juma ilichukua mkate kwa mkopo, na anayekopa hamkagui anayemkopesha. Aliyeukanda hakuwa na hali bora zaidi: ripoti ya H. S. Tremenheere ya 1862 kuhusu malalamiko ya vibarua wa waokaji iliwaeleza watu walioanza kukanda kwa mikono yapata saa tano usiku, katika vyumba vya chini ya ardhi vyenye joto kali, kisha wakalala kwa saa chache juu ya ubao uleule wa kukandia, gunia moja likiwa chini yao na jingine likiwa mto, mpaka hamira ifanye kazi yake.

Udanganyifu huo wa shabu ulifichuliwa na daktari Arthur Hill Hassall, ambaye katika miaka ya mwanzo ya 1850 alinunua vyakula madukani, akavichunguza kwa hadubini, iliyotenganisha chembe za wanga wa ngano na za viazi kama vilichanganywa humo, na kwa vipimo vya kikemia, vilivyoitoa shabu mafichoni. Jarida la kitabibu la Lancet likachapisha matokeo pamoja na majina ya wauzaji na mahali pa maduka yao, uthubutu ambao leo ungewapa mawakili kazi ya mwaka mzima. Mwaka 1857 John Snow, daktari yuleyule aliyekihusisha kipindupindu na bomba la maji la Broad Street, alidai katika jarida hilohilo kwamba shabu ndiyo iliyoleta matege kwa watoto wa London, kwa kuwa kaskazini, ambako kina mama waliendelea kuoka nyumbani, ugonjwa huo ulikuwa nadra. Sayansi ya baadaye imeelekeza lawama zaidi kwenye ukosefu wa jua na vitamini D, lakini jicho lake la kulinganisha mahali na mahali lilikuwa kali.

Kuoka nyumbani, ambako mwandishi wa mapishi Eliza Acton alikuhimiza katika kitabu chake kuhusu mkate mwaka huohuo, kulihitaji tanuri na makaa, na vyumba vya maskini wa mijini mara nyingi vilikuwa na meko ya wazi tu. Ndiyo maana siku ya Jumapili watu walipeleka nyama yao kwa mwokaji, viazi vikiwa vimepangwa chini yake ili vinywe mafuta yanayodondoka, wakalipa ada ndogo na kurudi kuichukua mchana. Na nyama hiyo haikugawanywa sawa: Edward Smith, aliyechunguza chakula cha familia za vibarua mwaka 1863, alikuta kwamba sehemu kubwa ilikwenda kwa baba, ambaye nguvu zake ndizo zilizoleta mshahara, huku mama na watoto wakibaki na mkate, viazi na chai. Kwa wenye nacho mkate ulikuwa kando ya sahani, au vipande vyembamba vya kupakwa siagi alasiri. Kwa mama huyu mkate ndio uliokuwa mlo wenyewe.

Sheria za 1872 na 1875 dhidi ya kughushi vyakula ziliwapa wakaguzi meno, lakini kilichougeuza mchezo ni vinu vya rola za chuma, vilivyoenea katika miaka ya 1870 na ya 1880, ambavyo viliipasua punje na kuvitenga pumba na kiini kwa urahisi, hata unga mweupe ukawa rahisi kwa kila mtu. Weupe ulipopatikana kwa wote haukuwa tena alama ya utajiri, na wasomi na matajiri wakaanza kusikiliza madaktari waliousifu mkate wa rangi ya udongo; mwaka 1887 Richard Smith alisajili hataza ya njia ya kukirudisha kiini ndani ya unga, na mwaka 1890 unga huo ukapewa jina la Hovis.