Pongezi kwa Kalamu Nyekundu

Mswada wangu wa kwanza ulirudi kutoka kwa mhariri ukiwa umechanjwa wino mwekundu kila ukurasa. Nilikuwa nimeandika: "Shikamoo shangazi." Alisema Juma. Mama mhariri akafuta nukta, akaweka mkato ndani ya alama za usemi, akaishusha ile A: "Shikamoo, shangazi," alisema Juma. Na ule mkato kabla ya shangazi? Anayeitwa hutengwa, aliniandikia pembeni. "Marahaba" ya shangazi akaihamishia mstari mpya, kwa kuwa msemaji amebadilika.

Tendi za kale, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, hazikuwa na alama hizi. Neno kama "akamwambia" lilitosha, na mghani akamalizia kwa sauti yake. Riwaya tunaisoma kimyakimya. Sauti hiyo sasa imo katika vinukta ambavyo mhariri huvihesabu usiku, wengine tumelala.

Nilipoandika "alifoka kwa hasira kali", alikata yote akaacha "alisema". Nilinuna wiki nzima (alikuwa sahihi, bahati mbaya). Jina lake halimo jaladani. Hongera, mama, na mikato iliyobaki hapa nisahihishie.