Konokono wa Karatasi

Mwaka 1953 mchoraji Mfaransa Henri Matisse, naye ni mzee mgonjwa, alifanya picha iitwayo Konokono, ambayo sasa imo katika jumba la Tate, London. Yakaribia meta tatu kila upande. Hamna humo mstari wa kalamu, ila vipande vya karatasi vilivyobandikwa vikizunguka mfano wa kombe la konokono. Mimi nimeiona kitabuni tu. Hata hivyo, nyekundu yake kando ya kijani yawaka kama kaa lililopulizwa.

Walimu wenzangu, picha hii twaisifu, lakini twaiiga vibaya. Matisse hakuanza na karatasi zenye rangi tayari. Wasaidizi wake walipaka karatasi nyeupe rangi alizozitaka mwenyewe, ndipo akashika mkasi. Basi, mwalimu amwagizaye kila mtoto karatasi za rangi za dukani ameiacha nusu ya somo, na mtoto asiye na senti hukaa akitazama wenzake. Nami nalikuwa mwalimu wa namna hiyo, hata nikaona haya.

Lugha yetu yenyewe yatuonya. Nyeupe, nyeusi na nyekundu zina majina yao; nyingine nyingi zimeitwa kwa vitu. Kijani ni jani, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, rangi ya majivu haina haja ya kuelezwa. Yatosha kutoka nje na kikapu. Huku Ngara na Biharamulo magome makavu ya mgomba mmoja yana rangi nyingi, toka ile ya maziwa hata ile ya chai kavu. Tena kuna udongo mwekundu wa njiani, makaa, bahasha kuukuu, na vipande vya vitenge chini ya cherehani ya fundi (aombwe kwanza!). Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo. Wabandika vema, ila mende huupenda mno.

Lakini picha za magome ya mgomba ziuzwazo mijini hazinipendezi sana. Mara gome limekuwa mwanamke mwenye mtungi, na mtazamaji huuona mtungi, rangi asiione. Afadhali imigongo ya wanawake wa Kirehe, Rwanda, ng'ambo ya maporomoko ya Rusumo. Huinua matuta kwa samadi ya ng'ombe na majivu, kisha huyapaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Hamna mtu wala nyumba, na kila rangi yapata nguvu kwa jirani yake.

Darasani mtoto mmoja aliweka gome juu ya karatasi iliyopakwa makaa, akasema ni jeupe. Akaliweka juu ya bahasha, akasema ni la kahawia. Akaniuliza, "Mwalimu, ni lile lile?" Sikumjibu. Alilihamisha mara tatu, gundi haijakauka.